Haisi Iliyonunuliwa kwa Ng'ombe Zangu

Sehemu ya sita

Wiki iliyopita niliishia pale Yusto wa Nyasura alipomshika kaka yangu mkono na kusema, "Haisi nimeichukua, Ijumaa nakuja na hela." Nikalala usingizi ambao sikuwahi kulala tangu niolewe. Wajinga ndio waliwao, wasomaji wangu.

Kwa anayenikuta leo: mimi ni Pelagia, wa Kabasa, Bunda. Niliolewa Butiama na mtu anaitwa Baltazar kwa ng'ombe kumi na nane. Nikakaa naye mpaka siku aliponivunja mkono wa kushoto kwa kosa la kuchelewa kutoka kanisani. Nikarudi kwa mama. Sasa kwetu mwanamke akimwacha mume, ng'ombe zinarudi. Zisiporudi, anarudi yeye.

Na ng'ombe zangu hazipo. Kaka yangu Mugeta, ambaye kwa desturi angeoa kwa ng'ombe hizo, aliziuza zote akanunua Haisi ya abiria, ya kwenda Musoma mjini na kurudi Bunda. Kwa hiyo mpango wangu ulikuwa rahisi. Haisi iuzwe, ng'ombe zinunuliwe, Jumamosi kikao cha ukoo kikikaa zikabidhiwe, na mimi nibaki na mikono yangu miwili.

Wengine mmetuma ujumbe gazetini mkisema navunja ndoa ya kanisani. Sawa. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Njooni mlale nyumba moja na Baltazar mwezi mmoja, halafu tuongee.

Haya. Yusto alikuja Jumanne, siyo Ijumaa. Hakukaa. Alisimama mlangoni anazungusha kofia mkononi, nikajua hapa hakuna heri.

"Mama Mugeta, shikamoo," alimsalimia mama yangu.

"Marahaba, baba. Karibu kiti."

"Nashukuru, nina haraka. Mugeta yupo?"

"Yuko safarini," nilidakia. "Sema na mimi. Hiyo Haisi ni ng'ombe zangu."

"Ndiyo hiyo, dada. Haisi siitaki tena."

"Imekuwaje? Injini si uliisikiliza mwenyewe?"

"Injini haina shida. Shida ni njia. Hamjasikia? Musoma mjini wanatenga njia ya mabasi tu, kwenye ile barabara inayoshuka sokoni. Wamepiga rangi ya njano, wamejenga na kingo za zege. Kuanzia Jumamosi hakuna gari ya abiria kufika sokoni ila inayopita humo."

"Si afadhali? Haisi si basi?"

"Siyo basi. Wamesema basi ni kuanzia viti ishirini na tano. Kosta zinaingia. Haisi zote mwisho wake Bweri, stendi. Abiria ashuke na ndoo yake ya dagaa, atafute usafiri mwingine mpaka sokoni. Nani atapanda Haisi yako kwa mateso hayo, wakati Kosta inamshusha mlangoni?"

"Yusto, ulitoa neno! Ulishika mkono!"

"Nilishika mkono wa mtu mwenye gari. Sasa hivi hilo ni banda la kuku lenye matairi."

Akavaa kofia yake, akaondoka. Mama yangu, Marieta, alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo. Hakuinua kichwa.

Nisieleweke vibaya. Njia yenyewe sina ugomvi nayo. Nani asiyejua adha ya ile barabara? Bajaji, mikokoteni, malori ya saruji, kila mtu anajichomeka anapotaka. Umekaa ndani ya gari jua la saa saba, samaki wako wanaanza kunuka, na soko unaliona kwa macho. Mabasi yapewe njia yao, ni haki ya wananchi. Lakini nilitaka kumjua huyo aliyekaa kwenye kiti akaamua kwamba Haisi siyo basi. Nilitaka kumwangalia usoni.

Jumatano nikaamkia Musoma. Ofisi ya mradi nilielekezwa kwa dada mmoja anaitwa Lilian, msichana mpole, ana kofia ya plastiki ya wajenzi mezani.

"Madam," nikamwambia, hata salamu nilisahau, "nani alisema Haisi siyo basi?"

Alitaka kucheka. Akaniona uso, akaacha.

"Kaa, dada. Siyo sisi. Sisi tulikuja na mpango wa njia tu, na kwenye mpango wa kwanza Haisi zilikuwemo. Tukaita wenye magari wote kwenye mkutano. Wao wenyewe ndio waliopendekeza. Mwenyekiti wao alisimama akasema Haisi zinasimama hovyo, zinajaza njia, afadhali ziingie Kosta peke yake."

"Mwenyekiti gani?"

"Bwana Baltazar. Wa Butiama. Unamfahamu?"

Namfahamu! Nina chuma ndani ya mfupa kwa sababu ya kumfahamu.

"Huyo ana lori la mchanga," nikasema. "Kosta ametoa wapi?"

"Anazo mbili. Mpya. Tena moja ndiyo itakayofungua njia Jumamosi."

Damu ikanipanda mpaka masikioni. Kumbe mtu alijua. Alijua Haisi ndiyo ng'ombe zangu, na ng'ombe ndiyo mlango wangu wa kutokea. Akauziba mlango kwa rangi ya njano, kwa kupigiwa makofi.

"Na wenye Haisi walikuwa wapi? Walikuwa wamekufa?"

"Walikuwepo," Lilian akasema. "Walinung'unika sana. Ila mwenye Haisi mmoja alisimama akaunga mkono hoja. Basi wengine wakanyamaza. Mwenzao akishakubali, watabisha nini?"

"Nani huyo mwendawazimu?"

"Kijana mmoja mrefu, wa Bunda. Anaitwa Mugeta."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena. Akaniletea maji.

"Mnaweza kubadilisha, madam?"

"Tutakaa tena na wenye magari baada ya miezi mitatu. Wakisema Haisi zirudi, zitarudi. Njoo siku hiyo, dada, useme."

"Mimi nina mpaka Jumamosi," nikamwambia.

Jioni hiyo jua bado lipo, Mugeta akaingia uani anapiga mluzi. Nilikuwa nimeshika mwiko. Mama alikuwa pale pale na ungo wake.

"Mugeta, ulikuwa kwenye mkutano wa mjini?"

"Mkutano upi?"

"Usinifanye mtoto!"

Mluzi ukakatika.

"Dada, kaa chini nikueleze."

"Nimekaa vya kutosha huko Butiama. Eleza nimesimama."

Akavuta pumzi. "Shemeji alisimama mbele ya watu. Alipomaliza kusema, akaniangalia. Akasema, 'Hata shemeji yangu hapa ana Haisi na anaona hivihivi. Au siyo, shemeji?' Mbele ya watu wote, Pelagia! Wazee wa Butiama wapo, wa kwetu wapo. Ningefanyaje? Tumekula ng'ombe za mtu, halafu nisimame nimpinge hadharani? Nikasema, 'Ni kweli, shemeji.'"

"Tumekula? Sema umekula! Mimi nilionja hata ulimi?"

"Nilidhani ni maneno tu ya mkutanoni. Sikujua yatakuja kuwa zege."

Nilimrushia mwiko. Ukampata begani. Nikamwita majina ambayo mhariri hawezi kuyachapa, nikamaliza ya Kiswahili nikaingia ya kwetu, na majirani wakatokea uani kujifanya wanaanua nguo. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na mimi changu kilikuwa kinakula ugali wangu kila jioni.

"Unadhani mimi sijaumia?" Mugeta akapaza sauti. "Hiyo Haisi ndiyo maisha yangu! Nitaendesha nini sasa?"

"Uliumia kwa adabu! Adabu yako ndiyo inanirudisha kwa yule mtu! Akinivunja na mwingine, njoo hospitali umwamkie!"

Hapo ndipo mama akafungua mdomo, taratibu, macho kwenye dagaa.

"Mugeta, unasema ulinyamaza kwa sababu ya ukwe?"

"Ndiyo, mama."

"Na yeye Baltazar, ukwe anauheshimu?"

"Sana, mama. Hilo huwezi kumnyima."

"Vizuri," mama akasema, akaendelea kuchambua.

Hapa lazima niwaeleze mlio mikoa mingine. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawasogeleani. Hawapeani mkono, hawali meza moja, hawapandi gari moja. Wakikutana njiani, mkwe ndiye anayeacha njia. Ataingia porini, ataigeukia miti, mpaka mama apite. Tunaita soni. Mwanamume asiye na soni kwa mama mkwe, kwetu si mtu, hata kisimani watamcheka.

Na Baltazar kwenye hilo ni mtakatifu. Nilipolazwa na ule mkono, alikaa kitandani kwangu ananitisha niseme nilianguka. Mama akatokea mlango wa wodi. Baltazar akaruka dirisha. Dirisha, jamani, mtu mzima! Wagonjwa wakaanza kunipongeza, "Una mume mwenye adabu wewe, dada." Aliyenivunja mkono akapata sifa wodi nzima, na mimi nimefungwa plasta nimekodoa macho.

Alhamisi akaja baba mdogo Mniko. Ni mdogo wa marehemu baba, na ndiye anayeongoza kikao cha ukoo. Nilimwona anashuka kwenye Kosta mpya yenye riboni kwenye vioo, anajifuta vumbi ambalo hakuwa nalo.

"Nauli umelipa, baba mdogo?" nikamuuliza.

"Mkwe wetu hanitozagi."

Nikajua kikao kimeshakaa bila mimi.

"Mwanangu," akasema baada ya kunywa chai yetu, "mkwe wetu hataki kuwasumbua. Anajua Haisi haina mnunuzi. Amesema Jumamosi anafungua njia mjini, gari yake ndiyo ya kwanza kupita mbele ya wakubwa. Akimaliza anakuja moja kwa moja hapa na hiyo Kosta, anamchukua mke wake. Hata kikao hakuna haja. Wewe funga mizigo."

"Baba mdogo, huu mkono uliuona."

"Mkono si ulipona?"

"Ulipona!" Nilisimama mpaka kiti kikaanguka. "Kwa hiyo niende akauvunje wa pili, na wenyewe utapona? Baba angekuwa hai ungeyasema haya?"

"Baba yako ndiye aliyepokea ng'ombe. Ama ng'ombe, ama mke. Mila sikuitunga mimi. Mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Ubusu wewe! Wewe ndiye unayepanda bure!"

"Pelagia!" mama akanikemea. Kisha akamgeukia mzee, sauti laini. "Shemeji, siku hiyo, hiyo Kosta ataiendesha nani?"

"Mwenyewe Baltazar. Anasema siku kama hiyo hawezi kumwachia dereva usukani. Wakubwa wamwone."

"Na nyie wazee?"

"Tutakuwa ndani humo. Viti vya mbele."

"Basi mwambie mkwe wangu nimeitikia."

Nilidhani sijasikia vizuri. "Mama!"

"Nyamaza. Nenda ufunge mizigo."

Jamani, nimewahi kumkasirikia Baltazar. Nimemkasirikia Mugeta mpaka mwiko ukavunjika. Lakini siku ile nilimkasirikia mama yangu mzazi kuliko hao wote. Nilitupia nguo kwenye begi kama mtu anayefukia takataka. Nilijiambia, hata wewe, mama? Uliyenilisha kwa kijiko wodini? Sikumsalimia Ijumaa nzima, na yeye wala hakuonekana kujali.

Jumamosi alfajiri nikamkuta amevaa kitenge chake cha Pasaka. Kwapani ana kigoda cha jikoni.

"Mugeta, washa Haisi. Tunakwenda mjini."

"Mama, si wanakuja kumchukua hapa hapa?"

"Nimesema washa."

Bweri askari akatusimamisha: Haisi mwisho hapa. Mugeta akaegesha kwenye msururu wa Haisi nyingine, madereva wamekaa kwenye kivuli, wanamwangalia. Mmoja akatema mate. "Huyo ndiye aliyeunga mkono hoja," akasema kwa sauti ili tusikie. Mugeta akainamisha kichwa. Sikumwonea huruma.

Tukachukua bajaji mpaka mjini. Njia ya mabasi ilikuwa imesafishwa, inang'aa, na maneno makubwa ya njano yameandikwa chini: NJIA YA MABASI TU. Kingo za zege kulia na kushoto, urefu wa goti. Watu wamejaa kandokando. Chini ya turubai wamekaa wakubwa, na Lilian anahangaika na kipaza sauti. Riboni ikakatwa, watu wakapiga makofi. Juu kule, Kosta mbili zikaanza kushuka, moja nyuma ya nyingine. Ya mbele nikamwona Baltazar mwenyewe, suti na tai, mkono mmoja nje anapungia watu. Viti vya mbele wazee wangu, baba mdogo Mniko katikati yao.

Nikatafuta mkono wa mama niushike.

Mama hakuwepo.

Alikuwa ameshavuka ukingo wa zege. Akatembea mpaka katikati ya yale maneno ya njano, akaweka kigoda chake, akakaa, akatandaza kitenge magotini.

Baltazar akapiga honi. Kisha akaona ni nani. Sijawahi kuona mtu anakanyaga breki vile. Wazee wote walijikuta wamesalimiana na kioo.

"Bibi! Toka hapo!" Askari wa barabarani akaja anakimbia. "Hii ni njia ya mabasi tu!"

"Najua kusoma, mwanangu," mama akasema. "Namsubiri mkwe wangu apite."

Mtu mmoja kwenye umati, lazima ni wa Butiama, akapiga kelele, "Baltazar! Mkweo huyo! Utamwangaliaje?"

Hapo watu wa kwetu wakaelewa, wakaanza kuwaeleza wengine, na kicheko kikashuka na barabara mpaka sokoni. Mlango wa dereva ukafunguka. Baltazar akaruka, tai imeenda begani, akavuka ukingo, akaenda kuugeukia ukuta wa duka la saruji. Mwenyekiti mzima! Mgongo kwa wakubwa, mgongo kwa wananchi, mikono imefunika uso.

Na njia ile aliyoipigia debe haina pa kuchepukia. Mbele ameketi mama mkwe, nyuma Kosta yake ya pili imebanana na ya kwanza, na nyuma ya hiyo mabasi mengine yameshajipanga. Kulia zege, kushoto zege.

Baba mdogo Mniko akashuka kwa hasira. "Shemeji, unatuaibisha!"

"Mimi? Nimekaa tu. Mwambie mkwe wangu apite, sijamzuia."

"Baba mdogo!" Baltazar akapaza sauti kwenye ukuta. Kwa soni hawezi kusema na mama moja kwa moja. "Mwambie mama mkwe aniruhusu, wakubwa wananisubiri!"

"Mwambie njia si yake? Kama haoni vibaya kunipita hapa nilipo, apite."

"Mwambie ni soni! Mila hairuhusu!"

"Ahaa!" Mama akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Kumbe mila anaijua. Basi mwambie hivi. Mwanangu wa kiume alifungwa mdomo kwa mila. Binti yangu anafungwa kamba kwa mila. Sasa na mimi nimekuja na yangu. Atamke mbele ya watu hawa kwamba Pelagia harudi Butiama, na ng'ombe zake atazisubiri mpaka tuzipate. Akitamka, nanyanyuka na kigoda changu. Asipotamka, chakula cha mchana nitaletewa hapa hapa."

Watu walilipuka. Wanawake wa sokoni wakapiga vigelegele. Na mimi nilikuwa nalia huku nacheka, naona aibu kwa yote niliyomwazia mama Ijumaa ile.

Lilian akamsogelea Baltazar pale ukutani, adabu zake zote. "Bwana mwenyekiti," akasema, na kipaza sauti bado kiko wazi mkononi, "ulituambia Haisi ndizo zinasimama hovyo."

Kicheko kingine. Chini ya turubai mkubwa mmoja akaangalia saa, akamnong'oneza mwenzake. Nyuma kule mabasi yanapiga honi. Baltazar akazidi kujibana ukutani. Nikasema moyoni, amekwisha, atatamka. Nikaanza kuiona Kabasa, kitanda changu, mlango ambao hakuna mtu wa kuupiga teke.

Lakini yule mtu hajawahi kukosa pa kutokea. Nilisahau lile dirisha la wodini.

"Mugeta!" akaita, uso bado ukutani. "Shemeji! Uko hapo?"

"Nipo, shemeji." Kaka yangu alijibu kabla sijamziba mdomo. Kinywa chake kimezoea.

"Yule ni mama yako. Wewe huna soni naye. Panda, uipitishe gari. Mama hawezi kumkatalia mwanae njia." Akaingiza mkono mfukoni, akarusha ufunguo kwa nyuma bila kugeuka. Ukaanguka miguuni kwa Mugeta. "Ukiipitisha, shemeji, ile Kosta ya pili unaendesha wewe. Kuanzia leo. Haisi achana nayo."

Kelele zikazima. Hata honi.

"Mugeta, usiokote," nikamwambia.

Alikuwa anauangalia ule ufunguo. Jasho linamtoka kwenye paji.

"Okota, mwanangu," akasema baba mdogo Mniko. "Umekula ng'ombe za mtu."

"Mugeta! Mimi ni dada yako! Wewe ndiye uliyenifungia mlango, sasa hivi unaweza kuufungua, utupe tu huo uchafu mtaroni!"

"Na nitakula nini, Pelagia?" akaninong'oneza. Macho yake yalikuwa mekundu. "Umewaona wale wa Bweri? Nani atanipa gari tena?"

Akainama. Akaokota.

Niliruka ule ukingo, kiatu kimoja kikabaki. Nikasimama kando ya kigoda cha mama, nikapandisha mkono wa gauni mpaka begani, kovu likabaki wazi kwa mji mzima. Nilitaka alione kupitia kioo. Nilitaka kama ni kupita, apite analiangalia.

"Mama, nyanyuka," nikasema. "Amechukua ufunguo."

"Nimemwona."

"Mama, ataendesha. Huyu hajui kumkatalia yule mtu."

"Basi leo ndiyo atajua, au mimi ndiye nitakayejua," mama akasema. "Sogea kidogo, umenikinga. Nataka kumwona mwanangu."

Mugeta alipanda. Mlango ukafungwa. Akakaa kwenye kiti cha Baltazar, akaushika usukani kwa mikono miwili, wazee nyuma yake wanamsemesha wote kwa pamoja, wananyosha vidole mbele. Alimwangalia mama. Akaniangalia mimi. Midomo yake ilikuwa inatikisika, lakini kwa kile kioo sikusikia kitu.

Injini ikawaka. Mama hakutikisika kwenye kigoda chake. Baltazar, kwa mara ya kwanza, akageuza shingo kidogo kutoka ukutani ili aone.

Bega la Mugeta likashuka, mkono ukaenda kwenye gia. Akaingiza. Na pale chini nilipokuwa nimesimama, sikuweza kuona kama ni ya mbele au ya nyuma.